Limuzini za wakubwa wa zamani: nani alikaa nyuma, na siku ya mwisho aliondoka na gari gani?

FundiWaNdeeba (mleta uzi):

Wadau salaam. Mvua imetufungia hapa gereji Ndeeba, Kampala, tangu saa nane mchana, matope mpaka mlangoni, mteja hakuna, basi acha nilete huu uzi ambao nimekuwa nao kichwani miaka mingi. Nataka tuongelee limuzini, lakini sio hizi za kukodi zilizokatwa katikati zikaungwa, nasema zile zilizotoka kiwandani zikiwa ndefu hivyo hivyo, za marais na wafalme na wanamuziki. Na zaidi nataka tuongelee waliokuwa wanakaa kiti cha nyuma, na jinsi walivyoshuka mara ya mwisho.

Mimi nimezaliwa barakisi ya polisi Nsambya, pale Kiswahili ndio kilikuwa lugha ya uwanjani, na mjomba wangu alikuwa dereva wa serikali miaka ya 70, kazi yake kubeba wageni. Siku moja nikiwa na miaka saba hivi alinikalisha nyuma kwenye Benzi ndefu nyeusi wakati anaiosha. Miguu yangu haikufika hata ukingo wa kiti, ngozi ilikuwa ya baridi na inanukia kama kiatu kipya. Mjomba akabonyeza kitu mlangoni, kioo kikashuka. Hakikutoa sauti yoyote! Nilichosikia ni maji yakidondoka kutoka kwenye tambara lake kwenda kwenye ndoo. Halafu akanishika mkono akaurudisha ndani akasema kwa ukali, "Kikipanda usiweke kidole hapa, hiki hakijui mtoto."

Kwa nini alisema vile nilikuja kuelewa nikiwa fundi tayari. Ile ilikuwa Mercedes-Benz 600. Ilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt Septemba 1963, ikaendelea kutengenezwa mpaka 1981, na miaka yote hiyo zilitoka 2,677 tu. Injini ni V8 ya lita 6.3, nguvu za farasi 250, ile fupi inafika kilomita 205 kwa saa, na hiyo ni mwaka 1963 jamani. Ile ndefu wanaiita Pullman, mita 6.24, iweke kando ya kamunye, yaani basi dogo la abiria, uone kamunye inavyokuwa ndogo. Lakini utamu wake uko kwenye mabomba. Wajerumani hawakutaka mkubwa asikie mlio wa mota za umeme, kwahiyo vioo, viti, buti, mpaka kuvuta mlango ujifunge vizuri, vyote wakaviweka kwenye haidroliki, pampu inazungushwa na injini na mafuta yanapita kwenye presha ya baa 150. Tairi yako unaijaza baa 2 na kitu. Na pale mlangoni alipobonyeza mjomba ni vavu kabisa, siyo swichi ya umeme, ukiigusa kidogo kioo kinakwenda pole pole, ukikandamiza kinaruka, na presha ile ikikutana na kidole cha mtoto haisimami.

Waliokuwa nazo mnawajua. Amin wetu, Mzee Kenyatta hapo jirani, Mobutu, Tito, Ceaușescu wa Romania, Saddam, halafu upande wa pili Elvis Presley, John Lennon, Coco Chanel, na Onassis yule tajiri wa meli. Papa Paulo VI alipewa ya kwake 1965, ya aina ya landaulet, yaani paa la nyuma linafunguka mbele linabaki, huyu ndiye yule yule aliyekuja kwetu Namugongo 1969. Landaulet zilitoka 59 tu dunia nzima.

Sasa hapa ndio roho ya uzi. Nimesoma habari za hawa watu miaka mingi na kuna jambo linanirudia. Haile Selassie alikuwa na Rolls-Royce na kila aina ya gari la heshima, lakini tarehe 12 Septemba 1974 maofisa walipokwenda ikulu Addis kumsomea kwamba ameondolewa, walimtoa na Volkswagen ile ndogo ya mviringo. Fikirieni vizuri, ile gari ina milango miwili tu, lazima ukunje kiti cha mbele ndio upite nyuma, na huyu ni mzee wa miaka 82 ambaye maisha yake yote mlango ulifunguliwa na mtu mwingine. Ceaușescu naye, 22 Desemba 1989 alitoroka na helikopta juu ya paa Bucharest, helikopta ikawashusha barabarani yeye na mkewe, mlinzi akasimamisha Dacia, gari ya kawaida ya kwao, ya daktari aliyekuwa anapita zake. Dacia! Siku tatu baadaye wakapigwa risasi. Na Benzi 600 yake ilibaki imepaki.

Nani ana nyingine? Na kama kuna aliyewahi kushika mojawapo kwa mikono yake, iwe kuendesha, kuosha au kulala chini yake na spana, aje aseme.


BintiMengo:

Fundi umezunguka Addis na Bucharest ukaacha ya nyumbani! Sir Edward Mutesa, Kabaka wetu, yaani mfalme wa Buganda, na rais wa kwanza wa nchi hii. 24 Mei 1966 jeshi likavamia Lubiri, kasri yake, kwa amri ya Obote, Amin ndio anaongoza, wakapigana kutwa nzima, ikaja mvua kubwa sana na ndani ya mvua hiyo Kabaka akaruka ukuta. Unajua alichopata upande wa pili? Teksi iliyokuwa inapita njia. Kutoka hapo akapitia Congo na Burundi mpaka London, na hakurudi akiwa hai, alifariki Novemba 1969.

Rolls-Royce ilibaki ndani ya Lubiri. Ukienda leo waongozaji wanakupeleka kuona mabaki yake, nilipelekwa na shule nikiwa primari na nikarudi tena mwaka jana na wanangu. Ni vyuma vyenye kutu tu, lakini mwanangu mdogo aliweka kiganja pale na hakusema neno mpaka tumetoka getini. Na ndio huyo huyo Amin aliyeleta mwili wa Kabaka 1971 ukazikwa Kasubi kwenye makaburi ya wafalme. Mambo ya nchi hii yana kona.


FundiWaNdeeba:

Dada BintiMengo asante sana, hiyo ya teksi nilikuwa nimeisikia kwa wazee lakini sikuwahi kuiweka kando ya ile ya Selassie. Teksi, Volkswagen, Dacia. Sasa mnaona ninachosema.


DerevaMalaba:

Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Mimi naendesha trela Mombasa Kampala Juba mwaka wa 19 huu, na nikiona watu wanasifia hizi gari moyo unauma. Ile 600 moja ilikuwa bei ya nyumba, na aliyelipa ni mkulima wa kahawa na pamba ambaye hospitali ya kwao haina panadol. Kiswahili chetu kina neno la hao watu, WABENZI, na lilianza zamani miaka ile ile ya 60 tu baada ya uhuru, watu waliona mapema. Mwalimu Nyerere aliona pia, Azimio la Arusha Februari 1967 liliwabana viongozi wasiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Lakini hata yeye alikuwa na Rolls-Royce ya shughuli za serikali, iko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, nimeiona kwa macho nilipokuwa nasubiri mzigo bandarini siku nne.


FundiWaNdeeba:

Kaka Dereva sina ugomvi na wewe hata kidogo, unasema kweli na mimi pesa ya kahawa naijua, babu yangu alikuwa na shamba. Ila ndio maana hasa nasema zisiachwe zioze. Mwanangu nikimwambia tu kwamba wakubwa waliishi vile na sisi vile anasema baba stori za zamani. Nikimsimamisha mbele ya gari yenyewe, akaona urefu wake, akaona kioo kati ya dereva na mkubwa, anaelewa bila mimi kufungua mdomo. Hata pale makumbusho yetu Kitante kuna magari ya viongozi wa zamani, mpelekeni mtoto akayaone.


AfandeBombo:

Vijana hamjambo. Mimi ni mstaafu, nipo Bombo na wajukuu, mmoja wao ndiye anaandika haya mimi nasema.

Mnazungumza Amin na kiti cha nyuma. Amin hakupenda kukaa nyuma. Tulikuwa tunamwona Kampala anaendesha jeep mwenyewe, ya wazi, unageuka kwenye makutano unakuta rais huyo hapo. Julai 1975 mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, ulikuwa Kampala, mimi nilikuwa konstebo mdogo nasimama barabara ya Entebbe tangu alfajiri, zinapita Benzi nyeusi mpya moja baada ya nyingine mpaka unachoka kupiga saluti. Mashindano ya magari yalikuwepo siku zile zile na Amin akaingia mwenyewe, na Citroën SM, mke wake Sarah ambaye ndio kwanza ameolewa amekaa kando. Gari ile ilikuwa chini chini kama samaki, ikiwashwa inanyanyuka kwanza ndio iondoke. Watu walikuwa wanacheka kwa kushangaa.

Mjomba wako alikuwa kitengo gani?


FundiWaNdeeba:

Afande shikamoo! Kitengo sikumbuki jina lake, nakumbuka tu alikuwa anavaa kaki na alikuwa na kidonda cha zamani kwenye shavu la kushoto. Nitauliza shangazi.

Hiyo ya kunyanyuka kwanza acha niieleze maana watu hapa watadhani ni uchawi. Citroën hawakutumia springi za chuma, walitumia mafuta na gesi kwenye matufe ya chuma kila tairi. Gari ikizimwa siku nzima presha inashuka na gari inalala chini, ukiwasha pampu inaijaza na inasimama. SM ilikuwa na injini ya Maserati V6, na taa zake za mbele zinageuka pamoja na staringi, ukikata kona taa inakutangulia. Ilitengenezwa 1970 mpaka 1975.

Na mfumo huo huo ulimwokoa rais wa Ufaransa, Charles de Gaulle. 22 Agosti 1962, Petit-Clamart nje ya Paris, watu waliokuwa wanampinga kwa ajili ya Algeria walimvizia na bunduki, risasi zikaingia kwenye Citroën DS yake, tairi mbili zikapasuka. Gari ya kawaida ingepinduka palepale. Dereva wake Francis Marroux akakandamiza mafuta na DS ikatoka pale na tairi zilizopasuka, de Gaulle na mkewe wako nyuma, hawakupata hata mkwaruzo wa risasi. Watu wanasifia gari, sawa, lakini Marroux ndiye aliyeshika usukani. Angefunga breki kwa hofu kama wengi tungefanya, historia ya Ufaransa ingekuwa nyingine.


KijanaWaArua:

Fundi hoja yako ya kuondoka na kigari kidogo ni nzuri ila Kennedy anaivunja. Yeye alimalizikia ndani ya limuzini yenyewe, Dallas, 22 Novemba 1963. Na kilichonishangaza nilipofuatilia ni kwamba ile Lincoln Continental haikuwekwa pembeni. Nilidhani gari ambayo rais amepigwa risasi ndani yake wangeichoma au wangeifungia, kumbe walirudisha kwa mafundi, wakaivua yote, wakaiwekea vyuma vya kuzuia risasi na paa la kudumu, na ikarudi kazini ikiwa inambeba Johnson, baadaye Nixon, ikastaafu 1977. Sasa iko makumbusho ya Henry Ford kule Dearborn. Tena haikuwa hata mali ya serikali, Ford walikuwa wanaikodisha dola 500 kwa mwaka.

Nyingine ni Rolls-Royce Phantom V ya John Lennon, aliinunua 1965 ikiwa nyeusi, 1967 akaipaka njano na maua na michoro kila mahali, wazee wa Uingereza wakakasirika kweli. 1985 ikauzwa mnada New York zaidi ya dola milioni 2.2. Sasa iko makumbusho Canada, kule Victoria.


FundiWaNdeeba:

Kijana umenikamata, ya Kennedy inavunja na nakubali. Ila hebu fikiria fundi aliyepewa ile Lincoln. Kazi kaletewa na kiti cha nyuma kile. Mimi mara mbili nimeletewa gari za ajali ambazo mtu alifia ndani na mara zote mbili nilianza kwa kuosha peke yangu kabla vijana hawajafika, sijui kwa nini, naona tu ni lazima. Hao mafundi wa Marekani waliivua mpaka bodi tupu na kuijenga upya, na marais wengine watatu wanne wakapanda.


MamaMaharusi:

Habari zenu. Mimi nina biashara ya mapambo ya harusi na kwanjula, sherehe ya utambulisho, upande wa Najjera, nimeusoma huu uzi wote mpaka usiku. Fundi naomba ushauri wa kweli. Wateja wanaomba gari ya kizamani ya kifalme, nimeona picha za Daimler DS420, zile za harusi Uingereza. Nikiagiza moja itanilipa au itanitia hasara?


FundiWaNdeeba:

Mama, kwanza sheria. Tangu 2018 hairuhusiwi kuingiza nchini gari yenye miaka 15 au zaidi tangu itengenezwe, na DS420 ya mwisho ilitengenezwa 1992, kwahiyo kabla hujatuma hata shilingi nenda kaulize URA, mamlaka ya kodi, mwenyewe, usimsikilize wakala. Bora utafute ambayo tayari iko hapa.

Pili nikuambie yaliyonipata. Kuna mtu alikuwa nayo moja hapa Kampala, simtaji, ni mtu mzuri. Jumamosi moja mwezi wa 12 akanipigia simu, gari imekufa Kibuye na bibi harusi yuko ndani, wanaelekea Entebbe. Nikapanda boda mbio. Nimefika nikakuta boneti iko juu, mvuke unapanda, bibi harusi ameketi nyuma ameshika shela lake magotini na machozi yanamtoka kimya kimya, jamu imeziba pande zote na makamunye yanapiga honi. Nilipofungua kifuniko cha rejeta baada ya kupoa ilitoka supu ya kahawia. Wameweka maji ya bomba miaka yote!

Na hapo ndio ugonjwa wa ile gari. Injini yake ni ya Jaguar, silinda 6, lita 4.2, chini ni chuma na kichwa ni aluminiamu. Maji matupu bila kulanti, ile dawa ya rejeta, yanakula aluminiamu, uchafu unaziba rejeta, na ile gari ilitengenezwa kwa baridi ya Uingereza, ukiiweka kwenye jamu ya Kampala saa sita mchana na tani mbili na kitu mgongoni inachemka, na ikichemka kichwa kinapinda. Bibi harusi alimalizia safari na Premio ya kaka yake. Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe na mikono yangu ikiwa na grisi, akasema asante fundi. Iliniuma wiki nzima.

Ile Daimler nilikaa nayo siku 11. Kichwa kilipelekwa kusawazishwa, rejeta ikafunguliwa na kuzibuliwa mrija mmoja mmoja kwa waya, nikatafuta feni ya umeme soko la spea Kisekka nikaiongeza mbele, kulanti ya maana, mpira wote wa maji mpya. Tangu siku hiyo haijawahi kuchemka na mwaka huu imebeba maharusi wengi tu. Kwahiyo jibu langu, itakulipa kama utakuwa tayari kuiwasha kila wiki hata kama hakuna harusi. Gari hizi zikisimama ndio zinakufa. Sili za mpira zinakauka, mafuta ya breki yananyonya unyevu, na ya haidroliki kama ile 600 ndio mbaya zaidi, ikikaa miaka miwili bila kuwashwa mabomba yanaanza kuvuja kila mahali na kuitengeneza ni pesa ya kununua gari nyingine kabisa.


MamaMaharusi:

Asante fundi, umeniokoa na wakala mmoja aliyekuwa ananiharakisha. Nitakuja Ndeeba tuongee. Na yule bibi harusi pole zake zimfikie.


DerevaMalaba:

Hiyo ya kuwasha kila wiki hata kwa trela ni vile vile. Fundi nimekuelewa sasa. Nikipita Kampala nitashuka nikuone.


AfandeBombo:

Fundi, mjukuu amenitafutia kwenye sanduku. Nina picha ya mkutano ule wa 1975, tulipigwa siku wageni wanaondoka. Madereva wamesimama mbele ya Benzi, wako tisa. Wa tatu kutoka kushoto ana alama shavuni, upande ambao kwenye picha ni wa kulia, lakini yeye anatutazama sisi kwahiyo ni shavu lake la kushoto. Wengine wote wamenyoosha mikono kwenye mshono wa suruali. Yeye ameshika tambara.


FundiWaNdeeba:

Afande.

Usiitume kwa simu, nakuja mwenyewe Bombo Jumapili baada ya saa nne, na shangazi nitamleta.